Sura ya Sita: Nane Nukta Nne

Watengenezaji wa programu wana ada yao katika kuhesabu matoleo ya kazi zao, nayo ni ada yenye mpango: kazi kubwa hupewa namba nzima, kazi ndogo hupewa namba baada ya nukta, na marekebisho ya makosa yaliyowaponyoka mafundi hupewa nukta ya pili. Kwa kipimo hicho iOS 8.4, toleo la mfumo wa simu za iPhone lililotolewa na kampuni ya Apple ya Marekani siku ya Jumanne, tarehe 30 Juni 2015, lilikuwa badiliko dogo, nyongeza ya nne juu ya msingi uliowekwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Halikugeuza sura ya simu, wala halikuhamisha mahali pa kupokelea mazungumzo, wala halikumtaka mtu ajifunze upya kuandika ujumbe. Asiyesikiliza muziki kwa simu yake angeweza kulipokea usiku akiwa amelala, akaamka asubuhi na kufanya shughuli zake mwezi mzima pasi na kutambua kuwa kuna kilichobadilika. Walakini majuma machache baadaye watu waliokuwa wakiisifu Apple kwa miaka mingi, miongoni mwao waandishi ambao riziki yao ni kuandika habari zake, walikuwa wakiilalamikia kwa uchungu ambao mabadiliko makubwa zaidi hayakupata kuwatia.

Nataka kuuchunguza uchungu huo katika sura hii, maana kuna dhana iliyoenea miongoni mwa mafundi kwamba mtumiaji hununa kwa sababu amezoea, na kwamba akipewa siku chache atazoea upya. Dhana hiyo ina ukweli wake mara nyingi. Katika jambo hili haikuwa kweli, na aliyeishika alishindwa kusikia alichokuwa akiambiwa.

Tuanze na yale ambayo hayakumuudhi mtu, kwa kuwa hayo ndiyo yasiyosemwa. Mwishoni mwa Mei ilikuwa imegunduliwa kwamba mfululizo fulani wa herufi, aghalabu za Kiarabu, zikichanganywa na alama za maandishi ya Kihindi na herufi ya Kichina, ukitumwa kwa iPhone na kutokea katika taarifa fupi juu ya kioo, uliizima simu na kuiwasha upya papo hapo, na vijana wenye nafasi wakaufanya mchezo wa kuwasumbua rafiki zao. Herufi zenyewe hazikuwa na hatia. Zimeandikiwa Kurani na mikataba ya biashara na, katika mwambao wetu, tenzi na barua za vizazi vingi, bila ya kumdhuru aliyezisoma. Aliyeshindwa ni programu iliyojaribu kuyafupisha maneno yale ili yaenee katika nafasi finyu, ikapotewa na hesabu ya mahali pa kukata. Toleo la 8.4 liliponya kasoro hiyo. Liliponya pia nyingine iliyovizuia vifaa vya GPS vilivyounganishwa na simu kutoa habari za mahali, na nyingine tena iliyofanya programu zilizofutwa katika saa ya Apple Watch zijirudishe zenyewe. Hakuna aliyetoka barazani kushukuru, na sidhani mafundi walitaraji shukrani; kazi njema ya aina hii malipo yake ni kunyamaziwa.

Tena wapokeaji wa toleo hili hawakuwa na moyo mtulivu tangu awali. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilikuwa imetoa iOS 8.0.1, toleo dogo kuliko hata hili, kwa nia ya kusahihisha makosa machache. Wenye iPhone 6 na iPhone 6 Plus walioliweka wakajikuta na simu zisizoshika mtandao wala kutambua alama za vidole vya wenyewe. Kampuni ililiondoa baada ya muda wa saa moja hivi, ikasema simu zilizoathirika hazikufika 40,000, ikatoa 8.0.2 siku ya pili yake. Na kabla ya hapo, tarehe 9 mwezi ule ule, ilikuwa imewapa wateja wa iTunes wapatao milioni 500 zawadi ya albamu mpya ya bendi ya U2, Songs of Innocence, si kwa kuwaita waje kuichukua, bali kwa kuitia katika maktaba zao za nyimbo bila ya kuwauliza. Hata siku sita zikipita ikabidi itengenezwe njia maalumu ya kuiondoa, na mwezi uliofuata Bono, mwimbaji wa bendi hiyo, mwenyewe akaomba radhi. Zawadi iliyoingia bila hodi iliwafunza watu jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria sana: kwamba maktaba waliyoiita yao ilikuwa na mlango wa pili, na ufunguo wa mlango huo haukuwa mikononi mwao.

Neno maktaba sharti lichukuliwe kwa uzito wake wote hapa. Duka la nyimbo la iTunes lilifunguliwa tarehe 28 Aprili 2003, likiuza wimbo mmoja kwa senti 99 za Marekani. Nyimbo zile za mwanzo zilikuwa na kufuli la kidijitali lililozizuia kuchezwa kokote isipokuwa katika vifaa vilivyoidhinishwa. Lakini Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliandika waraka wa wazi akizitaka kampuni za muziki ziridhie kuliondoa, na Januari 2009 ikatangazwa kwamba duka lote litauza nyimbo zisizo na kufuli. Basi kwa miaka kumi na miwili mteja wa Apple alikuwa amefundishwa na Apple yenyewe kwamba wimbo ni mali: hununuliwa mara moja, huwekwa katika kompyuta pamoja na zile zilizonakiliwa kutoka katika santuri za CD, hupangwa kwa jina la mwimbaji na mwaka, hutiwa nyota kwa kadiri unavyopendwa, hupelekwa katika simu kwa waya, na haupotei maadamu mwenyewe hakuupoteza. Watu wengine walikuwa na maelfu ya nyimbo zilizopangwa kwa mkono wao, jioni baada ya jioni, na kazi ile ya kupanga ilikuwa sehemu ya mapenzi yao ya muziki.

Wakati huo huo ulimwengu ulikuwa ukigeukia njia nyingine. Katika muziki wa kutiririshwa kwa intaneti msikilizaji halipii wimbo, hulipia mwezi. Hupewa hazina ya mamilioni ya nyimbo, asikilize atakacho, na siku akiacha kulipa hazina hufungwa naye hubaki mikono mitupu. Kampuni ya Spotify, iliyozaliwa Sweden, ilitangaza mwezi huo huo wa Juni 2015 kwamba ina watumiaji milioni 75, na milioni 20 kati yao wanalipa. Apple ilikuwa imechelewa, na ikalipia kuchelewa kwake: mwaka 2014 iliafiki kuinunua kampuni ya Beats, ya Jimmy Iovine na Dr. Dre, kwa dola bilioni 3, ikapata ndani yake huduma ya muziki iliyokwisha anza na watu wenye ujuzi wa kuchagua nyimbo. Tarehe 8 Juni 2015, mjini San Francisco, ikatangaza matunda ya ununuzi huo: Apple Music, kwa dola 9.99 kwa mwezi, au dola 14.99 kwa jamaa wasiozidi sita, na miezi mitatu ya mwanzo bure. Huduma hii haikutolewa kama programu ya pekee ambayo atakaye ataipakua na asiyetaka ataiacha. Ilitiwa ndani ya programu ile ile ya Music iliyokuwa na nyimbo za mtu, nayo programu hiyo ikajengwa upya ili impokee mgeni. Na njia ya kuifikisha kwa watu ikawa hilo toleo dogo, nane nukta nne.

Malalamiko ya kwanza yalifika kabla ya toleo lenyewe, nayo hayakutoka kwa msikilizaji, yalitoka kwa mwimbaji. Kampuni ilikuwa imekusudia kutowalipa wenye nyimbo kwa ile miezi mitatu ya bure. Siku ya Jumapili, tarehe 21 Juni, Taylor Swift alichapisha barua ya kueleza kwa nini ataizuia albamu yake ya 1989 isiingie katika huduma hiyo, akizungumza kwa niaba ya wanamuziki wachanga ambao miezi mitatu bila ujira ni njaa. Na kabla ya siku ile kwisha Eddy Cue, mkuu wa huduma za intaneti wa Apple, alikuwa amejibu hadharani kwamba watalipwa. Katika majuma yale yale kundi la Beggars na chama cha Merlin, wanaosimamia kampuni huru za muziki, wakatia saini. Wengi waliusifu wepesi huo, nami nausifu. Ila nauweka hapa kama kipimo, kwani msikilizaji wa kawaida aliyekuja na shakawa yake mwezi uliofuata hakujibiwa kwa mwendo huo.

Ikafika siku yenyewe. Toleo lilitoka asubuhi kwa saa za California, na baada ya muda wa saa moja, yaani saa moja usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kituo kipya cha redio, Beats 1, kikaanza kutangaza kwa sauti ya Zane Lowe, aliyekuwa ametoka BBC Radio 1 ya London. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa City, wa bendi ya Spring King ya Manchester, bendi ambayo wasikilizaji wengi hawakupata kuisikia. Na uteuzi ule uliwafurahisha watu, maana walitazamia jina kubwa. Insafu inanilazimisha niseme kwamba saa za mwanzo zilikuwa za furaha. Watu walipenda kuulizwa aina za muziki wanazozipenda kwa kugusa viputo vyekundu vilivyoelea katika kioo. Walipenda orodha walizopangiwa na binadamu mwenye ladha wala si na hesabu peke yake. Walipenda kusikia mtangazaji mmoja akizungumza na zaidi ya nchi mia moja kwa wakati mmoja. Aliyekuwa hana nyimbo zake mwenyewe, au aliyekuwa nazo chache asizozijali, alipata huduma nzuri, na huyo hakuwa na sababu ya kulalama.

Aliyelalama ni yule aliyekuwa na maktaba. Alipoifungua programu ya Music alikuta chini ya kioo vichupo vitano, For You, New, Radio, Connect na My Music, na cha mwisho tu, pembeni kabisa, ndicho kilichokuwa chake. Vinne vilivyotangulia vilikuwa vya duka. Orodha zake, zilizokuwa na kichupo chao hapo zamani, zilikuwa zimeingizwa ndani. Amri nyingi zilikuwa zimefungiwa katika nukta tatu ndogo, na ukizigusa hujitokeza orodha ndefu ambayo mtu huisoma kwa macho akiwa barabarani. Kulikuwa na swichi ya kuificha Apple Music, na wasiotaka kulipa waliambizana habari zake. Kulikuwa na hila nyingine iliyonichekesha. Kichupo cha Connect, mahali pa wanamuziki kuweka picha na habari zao, hakikuwa na njia ya wazi ya kukiondoa. Ila mtu akiingia katika sehemu ya Restrictions, iliyowekwa ili wazazi wawazuie watoto wao yasiyowafaa, akakizima huko, kilitoweka na Playlists zikarudi mahali pake. Watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, ikawabidi wajifanye watoto waliozuiwa ili wazipate orodha zao wenyewe.

Kikaondolewa pia kitu ambacho wachache walikitumia lakini waliokitumia walikitegemea: Home Sharing, uwezo wa kusikiliza katika simu nyimbo zilizomo katika kompyuta ya nyumba hiyo bila ya kuzinakili. Kilikuwapo katika 8.3, katika 8.4 hakipo. Cue aliulizwa, akajibu kwamba wanafanya kazi ya kukirudisha katika iOS 9. Na yule aliyesema basi nirudi nilikotoka, alikuta kwamba mlango wa nyuma hukomelewa upesi, kwa kuwa Apple, baada ya muda mfupi wa kutoa toleo jipya, huacha kulithibitisha la zamani, na simu haikubali kuwekewa toleo lisilothibitishwa. Hivyo badiliko la programu moja lilikuwa limefungamanishwa na ponyo la kasoro za simu nzima: aliyetaka kuepukana na ule ujumbe wa herufi za kuzimisha simu, hakuwa na budi kuipokea na Music mpya.

Hayo yote yalikuwa maudhi, na maudhi, kweli, huzoewa. Madhara yalitoka mahali pengine.

Mtu aliyetaka kuongeza nyimbo za Apple Music katika maktaba yake, au kuziweka katika simu ili azisikilize mahali pasipo mtandao, alitakiwa awashe huduma iliyoitwa iCloud Music Library. Ikishawashwa, huduma hiyo iliikagua maktaba yake yote, wimbo kwa wimbo, ikautafuta kila mmoja katika hazina ya Apple; ukipatikana, vifaa vyake vingine vilipewa nakala ya hazina badala ya ile yake; usipopatikana, ulipakiwa kutoka katika kompyuta yake, mpaka kikomo cha nyimbo 25,000. Jambo lenyewe halikuwa geni. Tangu Novemba 2011 Apple ilikuwa ikiuza huduma ya iTunes Match, kwa dola 24.99 kwa mwaka, iliyofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa katika namna ya kutambua. iTunes Match iliusikiliza wimbo wenyewe, ikalinganisha alama za sauti yake. Apple Music, katika mwaka wake wa kwanza, ilisoma maandishi yaliyoambatanishwa na wimbo: jina la wimbo, jina la mwimbaji, jina la albamu.

Sasa yeyote aliyepata kupanga nyimbo katika kompyuta anajua maandishi hayo yalivyo. Jina moja huweza kuwa la wimbo uliorekodiwa studioni, na la wimbo ule ule ulioimbwa jukwaani miaka kumi baadaye sauti ya mwimbaji ikiwa imekomaa, na la ule uliochanganywa upya na fundi mwingine, na la ule uliosafishwa matusi kwa ajili ya redio. Msomaji wa maandishi haoni tofauti. Msikilizaji haoni kufanana. Ndipo watu walipofungua simu zao wakakuta kwamba rekodi ya nadra ya tamasha, waliyoihangaikia muda mrefu, imejibiwa na nakala ya studioni inayopatikana kwa kila mtu. Kwamba albamu imevaa picha ya jalada la albamu nyingine. Kwamba nyimbo zimejirudia mara mbili katika orodha, au zimetawanyika. Fauka ya hayo nakala zilizopakuliwa kutoka katika hazina zilikuwa na kufuli, hata kama ule wa asili mtu aliununua bila kufuli au aliutoa katika CD yake mwenyewe. Kufuli ambalo Jobs aliandika waraka kulipinga, na ambalo liliondolewa dukani mwaka 2009, likawa limerudi kwa njia ya ukodishaji.

Ni haki kueleza, kwa kuwa wengi hawakueleza, kwamba faili za asili zilizokuwa katika kompyuta ya mtu hazikukusudiwa kuguswa, na aliyekuwa na nakala ya akiba mahali pengine hakupoteza kitu kisichoweza kurudi. Lakini makusudio ni jambo moja na matokeo ni jingine. Toleo la iTunes 12.2, lililotoka pamoja na iOS 8.4, liliwabadilishia baadhi ya wateja wa iTunes Match hadhi ya nyimbo zao, zikahesabiwa kuwa ni za Apple Music, na ikabidi 12.2.1 litolewe katikati ya Julai kusahihisha. Kisha mwishoni mwa mwezi huo Jim Dalrymple, mwandishi wa The Loop, mtu aliyejulikana kwa mapenzi yake kwa Apple na kwa gitaa, akaandika kwamba ameizima Apple Music na kujikuta amepoteza nyimbo zipatazo 4,700, nyingi kati yake alizozinunua. Baadaye alikutana na watu wa Apple, na karibu nyimbo zote zikapatikana. Lakini maandishi yake yalikuwa yameshasomwa kila pembe, na hoja iliyowaingia wasomaji ilikuwa fupi: ikiwa yamempata huyu, mwenye kujua simu ya nani apige, sisi wengine tutakuwaje?

Nionavyo mimi, kosa la 8.4 halikuwa la wahandisi peke yao, lilikuwa kosa la sheria kabla ya kuwa kosa la ufundi. Milki na ijara ni mikataba miwili, na kila mmoja una hukumu zake. Mwenye milki hana mwisho wa muda, wala haombi ruhusa, wala hadaiwi tena. Mwenye kukodi hupata manufaa ya kitu kwa muda wake na hana haki ya kitu chenyewe. Yote mawili ni halali, na mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili siku moja bila ya matatizo, alimradi anajua kipi ni kipi. Programu ya Music iliviweka vya milki na vya kukodi katika rafu moja, kwa jina moja na sura moja, ikavichanganya kiasi cha kwamba mwenyewe hakuweza kutambua kwa kutazama upi ni wimbo wake na upi wa kampuni. Na zaidi ya hapo ikakipokea chake kwa amana, ikamrudishia mfano wake. Amana haina hukumu hiyo. Aliyeweka kwa jirani kanzu ya marehemu baba yake hatatulizwa kwa kukabidhiwa kanzu mpya ya kitambaa bora na kuambiwa kwamba ukubwa ni ule ule.

Kampuni nayo ilikuwa na hoja yake, nayo si dhaifu. Msikilizaji hataki kutafuta wimbo mahali pawili. Anataka aandike jina mara moja aletewe, uwe wake au wa kukodi. Nyumba mbili za muziki katika simu moja zingekuwa na orodha mbili, historia mbili za usikilizaji, na mapendekezo yasiyojua nusu ya ladha ya mtu. Spotify haikuwa na taabu hiyo kwa sababu haikupata kuwa duka la nyimbo kama iTunes na haikuwa na maktaba za miaka kumi na miwili za kuzitunza. Apple ilibeba mzigo wa uaminifu wake wa zamani, na yeyote aliyejaribu kuunganisha daftari mbili za hesabu zilizoandikwa kwa mikono tofauti atawahurumia waliopewa kazi hiyo. Ninachokikataa ni haraka. Kuuliza kwanza, kuonyesha kwa alama ya wazi kipi cha nani, na kumpa mwenye maktaba uwezo wa kukodi nyimbo bila ya kuikabidhi maktaba yake yote, haya hayakuhitaji ufundi mpya. Yalihitaji mtu mmoja katika chumba cha mashauri aseme kwamba nyimbo hizi si zetu.

Wala tusiambiwe kwamba watu walichukia upya. Watu hao hao, mwaka 2013, walipokea iOS 7, iliyogeuza rangi, maandishi na aikoni za simu nzima kwa siku moja. Walipiga kelele, wakadhihaki, na baada ya majuma machache wakanyamaza, kwa sababu picha zao, barua zao na nyimbo zao zilikuwa pale pale walipoziacha. Sura ya nyumba ilibadilika, mali haikuguswa. Mwaka 2015 sura ilibadilika kidogo na mali ikaguswa.

Basi je, watu waliikimbia huduma? Hapa takwimu ziligombana. Mwezi Agosti Cue alisema kwamba watu milioni 11 wamejiunga kwa majaribio. Mwezi ule ule kampuni ya utafiti ya MusicWatch ikasema kwamba asilimia 48 ya walioijaribu katika watu iliowahoji hawaitumii tena. Apple ikajibu kwamba asilimia 79 ya waliojiunga wanaitumia bado. Mwisho wa Septemba miezi mitatu ya wale wa kwanza ilikwisha, na kwa kuwa malipo yalipangwa kuendelea yenyewe mtu asipoyazima, habari za namna ya kuyazima zilisambazwa kwa bidii kubwa. Oktoba Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akatangaza wateja wanaolipa milioni 6.5 na wengine milioni 8.5 wakiwa bado katika majaribio. Kwa huduma ya miezi minne hesabu hiyo ni ya ushindi, na wapo walioitoa kama ushahidi kwamba wenye kulalama walikuwa wachache wenye sauti kubwa. Ushahidi huo hauthibitishi wanachotaka kukithibitisha. Idadi ya waliobaki hutuambia huduma ilikuwa na faida. Haituambii kama aliyedhulumiwa alidhulumiwa. Wenye nyimbo elfu kumi ni wachache katika kila umati, na hata hivyo ndio walioijenga iTunes.

Kampuni, hata hivyo, ilisikia, na kusikia kwake kunasomeka katika matoleo madogo yaliyofuata. iOS 8.4.1, la tarehe 13 Agosti, lilikuwa karibu lote la Apple Music: liliondoa vikwazo vya kuwasha iCloud Music Library, likazifichua nyimbo zilizokuwa zimejificha kwa sababu ya kuonyesha za nje ya mtandao pekee, likatoa njia ya kuanzisha orodha mpya pale ambapo hapakuwa na orodha yoyote, likanyoosha picha za albamu zilizotofautiana kati ya kifaa na kifaa. Desemba kikomo cha nyimbo kikapandishwa kutoka 25,000 hadi 100,000. Septemba 2016, katika iOS 10, programu yote ilipangwa upya kwa herufi kubwa, na maktaba ya mtu ikawekwa kuwa kichupo cha kwanza kutoka kushoto. Connect, kilichowatia watu wazima katika vizuizi vya watoto, kilififia, na Desemba 2018 wanamuziki wakazuiwa kuweka humo habari mpya.

Na lile kosa la kusoma maandishi badala ya kusikiliza sauti lilisahihishwa Julai 2016, mwaka mmoja na siku chache baada ya toleo la nane nukta nne. Apple ilianza kuwahamisha wateja wa Apple Music, kundi kwa kundi, kwenye utambuzi ule wa alama za sauti uliokuwa katika iTunes Match tangu 2011, na nakala walizopakua za nyimbo zilizotambuliwa kuwa ni zao zikawa hazina kufuli tena. Habari hiyo ilitangazwa na The Loop, na aliyeiandika ni Jim Dalrymple.